Crash Team Racing: gemu iliyouzwa ikiwa kamili

Wacha niseme msimamo wangu mapema ndio tusizungushane. Gemu bora zaidi ya vigari vya katuni kuwahi kutengenezwa si Mario Kart. Ni Crash Team Racing ya PlayStation ya kwanza, iliyotoka mwaka wa 1999. Najua kuna watu wameshakunja uso. Sawa, kunjeni, lakini someni hadi mwisho.

Mwezi uliopita nimeirudia yote, kutoka mbio za kwanza hadi za mwisho. Nilipomaliza nikakaa wiki mbili na lile toleo lililotengenezwa upya mwaka wa 2019, linaloitwa Crash Team Racing Nitro-Fueled. Nilidhani nitapata vidio moja ya kulinganisha michoro ya kitambo na ya sasa, basi. Kumbe kuna hadithi kubwa kuliko michoro. Gemu hizi mbili zina kona zile zile, kuruka kule kule, na yule mbweha-mbweha wa rangi ya chungwa anayecheka ovyo. Lakini kati ya 1999 na 2019 kuna kitu kilihama. Zamani kitu kikifungwa ndani ya gemu, ufunguo ulikuwa vidole vyako. Siku hizi ufunguo unaweza kuwa kadi ya benki. Hiyo ndiyo historia nataka tupitie leo, na kama una mdogo wako nyumbani anayeomba pesa ya kununua almasi za gemu kwa simu, hii inakuhusu moja kwa moja.

Ilianza na watu wawili

Kabla ya Crash kulikuwa na Mario. Mwaka wa 1992, Nintendo walitoa Super Mario Kart kwenye Super Nintendo. Miaka miwili nyuma walikuwa na gemu ya mbio inaitwa F-Zero, yenye kasi kali sana, lakini ya mtu mmoja tu. Wale watengenezaji wakataka mbio ambazo watu wawili wanaweza kucheza pamoja kwa TV moja. Mashine haingeweza kubeba ile kasi ya F-Zero mara mbili kwa skrini moja, kwa hivyo wakapunguza kasi, wakafupisha njia, wakaleta vigari vidogo, halafu baadaye wakawakalisha Mario na wenzake ndani.

Shika hapo kidogo. Aina hii yote ya gemu, na maganda yake ya ndizi na makombora yake, ilizaliwa kwa sababu watu wawili walitaka kukaa kiti kimoja. Haikuanza na mbio ndio wachezaji waongezwe baadaye. Wachezaji wawili walikuja kwanza, mbio zikatengenezwa ziwatoshe.

Mwishoni mwa 1996 ikaja Mario Kart 64, na Nintendo 64 ilikuwa na mashimo manne ya padi, kwa hivyo watu wanne wangeweza kupigana. Mwaka wa 1997, kampuni ya Rare ya Uingereza ikatoa Diddy Kong Racing kwenye mashine hiyo hiyo. Hiyo iliongeza kitu kipya: hadithi. Ulikuwa unazunguka kisiwa, unafungua milango, unashinda makombe, unapambana na mabosi, na mwisho kabisa unakutana na nguruwe mchawi anayeitwa Wizpig.

Upande wa Sony sasa. PlayStation ndiyo ilikuwa inauza. Hadi mwisho wa maisha yake iliuza zaidi ya mashine milioni 102, wakati Nintendo 64 iliishia karibu milioni 33. Lakini kwa hii vita ya vigari vya katuni, Sony hawakuwa na jibu la maana. Walikuwa na mhusika mmoja tu ambaye angeweza kubeba hiyo kazi, yule Crash Bandicoot. Tatizo ni kwamba hawakummiliki.

Zawadi ya kuaga

Crash ni bandikuti, mnyama mdogo wa Australia mwenye pua ndefu. Alitengenezwa na Naughty Dog, kampuni ya marafiki wawili wa tangu utotoni, Andy Gavin na Jason Rubin. Gemu yake ya kwanza ilitoka 1996, ya pili 1997, ya tatu 1998. Kila mwaka moja, na zote ziliuza vizuri sana. Watu wengi walidhani Crash ni wa Sony, kwa vile matangazo yalimtumia kama uso wa PlayStation. Hapana. Haki zake zilikuwa za Universal. Naughty Dog walimuumba, Sony wakamuuza, lakini mwenye mtoto kwa karatasi alikuwa mtu mwingine kabisa.

Crash Team Racing ikawa gemu ya nne ya Naughty Dog na Crash, na ya mwisho. Walikuwa wanaondoka. Mwaka wa 2001 Sony waliinunua kampuni yao, na baadaye wakatengeneza Uncharted na The Last of Us. Crash akabaki nyuma.

Mara nyingi msanii akijua anaondoka anafanya kazi ya mkono mmoja. Hawa hawakufanya hivyo. Kabla ya kuanza gemu yenyewe walijiuliza kama PlayStation inaweza kabisa kubeba njia pana na zilizo wazi kama zile za Diddy Kong Racing. Walichofanya ni kuchukua njia moja ya ile gemu ya Rare, Crescent Island, na kuijenga upya kwenye PlayStation kama jaribio. Waliponyoosha hiyo, wakajua inawezekana.

Na kumbuka ilikuwa mashine ya namna gani. PlayStation ya kwanza ilikuwa na memori kuu ya megabaiti 2. Mbili! Simu ya bei ya chini ya leo yenye gigabaiti 4 inaizidi mara elfu mbili hivi. Ndani ya hiyo nafasi walitakiwa kuweka vigari 8, njia nzima, silaha, moshi na muziki wa Josh Mancell. Kila mahali unaona wamebana matumizi. Magurudumu ya vigari, kwa mfano, si ya umbo kamili. Ni picha bapa zilizobandikwa pale, kwa sababu gurudumu la duara linakula poligoni nyingi sana. Nimecheza hii gemu nikiwa mtoto miaka na miaka na sikuwahi kuona. Ukishajua, huwezi kuacha kuona.

Ile kona

Sasa twende kwa sababu yenyewe inayonifanya niiweke juu ya Mario Kart.

Kwa gemu nyingi za vigari za wakati ule, kona ni mahali pa kupoteza kasi. Unapunguza, unapita, unaongeza tena. Kwa Mario Kart 64 kulikuwa na ujanja wa kuteleza kwenye kona huku unatikisa kijiti kushoto na kulia mpaka moshi ubadilike rangi, halafu unapata kasi kidogo. Ni mzuri, lakini ni mmoja kwa kila mteremko.

Kwa Crash Team Racing, unaruka kidogo kwa kitufe cha bega la padi, unageuza usukani ukiwa hewani, na ukitua bado umeshikilia kile kitufe, kigari kinaanza kuteleza. Pale chini ya skrini kuna mstari unaanza kujaa, kutoka kijani kwenda nyekundu, na moshi wa nyuma unakuwa mweusi. Ukibonyeza kitufe cha bega la pili wakati mstari uko karibu kujaa, unapata turbo. Kadri unavyosubiri, ndivyo turbo inavyokuwa kubwa. Ukichelewa tu kidogo, injini inakohoa na unakosa yote. Na unaweza kufanya hivyo mara tatu kwa mteremko mmoja. Moja, mbili, tatu, unatoka kwa kona ukiwa na kasi kuliko ulivyoingia.

Fikiria hiyo inamaanisha nini. Kona imegeuka kutoka adhabu kuwa mshahara. Barabara iliyonyooka ndiyo inakuwa ya kuchosha, kwa hivyo unaanza kuteleza hata pale pasipo na kona, kushoto kulia kushoto, ilimradi mstari ujae. Ongeza turbo unayopata ukiruka juu ya vilima, kwa kuwa ukikaa hewani muda mrefu unalipwa ukitua. Ongeza yale matunda ya wumpa, ambayo ukifika 10 yanakuongezea kasi na silaha zako zinakuwa kali zaidi. Wachezaji waliobobea wanaweza kushika turbo ya vibao vya barabarani na kuibeba karibu mzunguko mzima bila kuiacha ife.

Hakuna kitu kati ya hivyo kinachohitaji uwe na kigari cha bei. Mtoto na bingwa wa dunia wanaweza kuchagua Coco yule yule, kigari kile kile, na tofauti yao yote iko kwa vidole. Hiyo ndiyo ilinishika tena mwezi uliopita. Siku ya kwanza nilikuwa mzembe. Siku ya tano mikono yangu ilikuwa imekumbuka kitu ambacho kichwa kilisahau. Na gemu ya miaka zaidi ya 25 ilikuwa bado inanilipa kwa haki.

Ufunguo wa vidole

Hadithi yenyewe ni ya katuni kabisa. Anakuja kiumbe kutoka sayari nyingine, Nitros Oxide, anajiita dereva mwenye kasi kuliko wote kwenye galaksi. Anataka kushindana na bingwa wa dunia. Akishinda, ataigeuza dunia yote iwe uwanja wa kuegesha magari na kutufanya watumwa. Crash na maadui zake, wakiongozwa na Daktari Cortex, wanaacha ugomvi wao kwa muda ili kutafuta nani ataenda kukutana naye.

Muundo wameuchukua wazi wazi kutoka Diddy Kong Racing, na si aibu kusema hivyo. Unashinda makombe, unapambana na bosi wa kila eneo, unapata ufunguo, unafungua eneo linalofuata. Halafu unarudia njia zile zile ukitafuta herufi tatu, C, T na R, na bado umalize wa kwanza. Halafu unarudia tena kukimbizana na saa, ukivunja masanduku yenye namba ili saa isimame kwa sekunde. Ukimshinda Oxide unadhani umemaliza. Hapana, anakuambia hakubali mpaka upate masalio yote 18 ya mbio za saa. Na huyo Oxide mwenyewe ni mwizi, anaondoka kabla taa ya kuanzia haijawaka. Hakuna refa!

Unaanza na madereva 8. Wengine 7 wamefungwa. Hao unawafungua kwa kushinda kombe fulani, ama kwa kushinda kivuli cha N. Tropy kwenye mbio za saa, ama kwa msimbo wa vitufe ambao mtu anakunong'onezea shuleni. Hiyo misimbo ilisafiri kwa mdomo. Unaandika nyuma ya daftari la Hesabu. Lakini kitu cha maana ni kwamba wote walikuwa tayari ndani ya CD. Gemu ilikuwa imeisha kutengenezwa siku ilipouzwa. Hakuna apdeti ilikuwa njiani, na hakuna mtu ofisini ambaye angeamka asubuhi abadilishe bei ya kitu chochote.

Venye ilitufikia

Sasa wacha nilete hii nyumbani, kwa sababu 1999 ya Marekani na 1999 ya Nakuru hazikuwa mwaka mmoja.

Mimi nilizaliwa huo mwaka, kwa hivyo hii gemu ni rika langu. Lakini tulikutana tukiwa na miaka kama tisa, wakati kwingine watu walikuwa wameshahamia PlayStation 3. Binamu yangu alikuja na PlayStation ya mtumba isiyo na boksi, iliyowekwa chipu ya kusoma CD za kuchoma. CD yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: CRASH GARI. Hiyo ndiyo jina tulilijua. Mimi kujua inaitwa Crash Team Racing nimekuja kujua nikiwa sekondari.

Tuseme ukweli, ile CD haikumlipa mtu yeyote wa Naughty Dog. Siwezi kujifanya mtakatifu hapa nikihubiri kuhusu pesa na gemu bila kusema hivyo. Lakini hiyo pia ni sehemu ya historia. Gemu iliyo kamili ndani ya CD moja inaweza kuvuka bahari, ikauzwa mara tano, ikafika kwa nyumba isiyo na intaneti, na bado ikawa ni gemu nzima. Hakuna kilichopungua njiani.

Kilichopungua kilikuwa upande wetu. Hatukuwa na memori kadi, kwa hivyo kila tukiwasha tunaanza mwanzo. Stima ikipotea, makombe yamekwenda. Matokeo yake, njia za mbele hatukuzijua, lakini Crash Cove tuliijua kama njia ya kwenda dukani. PlayStation ilikuwa na mashimo mawili ya padi, na kile kifaa cha kuongeza yawe manne sijawahi kukiona mtaani kwetu hata siku moja. Kwa hivyo sheria ilikuwa rahisi: watu wawili wanacheza, aliyepigwa anapisha. Sita wanangoja, na wote wana maoni. Pale kibanda cha gemu cha mtaa ilikuwa ni Winning Eleven tu kwa bob kumi, na ukiitisha Crash unaangaliwa kama mtoto. Lakini nyumbani Crash ndiyo ilikuwa mfalme, kwa sababu hata mamangu aliweza kucheza. Alikuwa anachagua Polar, yule mtoto wa dubu, na alitupiga.

Kwa hivyo mbio tatu za mizunguko mitatu zilitufundisha vitu vya ajabu: kungoja zamu, kuangalia vidole vya mwenzako, kushindwa mbele za watu na kurudi mwisho wa foleni. Hakuna mtu alishinda kwa sababu babake ana kazi nzuri.

Na makosa yake pia

Sitaki hii iwe sifa tupu. Kuna vitu nikiviona leo vinanikera.

Picha kwanza. Kwenye TV ya sasa yenye skrini kubwa, zile pikseli zinapiga kelele. Ukigawanya skrini, vitu vya kando ya njia vinapunguzwa mpaka dunia inaonekana kama nyumba imehamwa. Wale madereva wa kompyuta nao wana tabia ya kukushikilia: ukienda mbio wanaenda mbio, ukizembea wanazembea.

Halafu kuna Papu Papu. Ni bosi wa pili, mfalme mnene wa kisiwa, amevaa majani, lugha yake ni kelele. Nikiwa mtoto nilicheka. Leo nikimwangalia, namjua vizuri huyo jamaa. Ni yule "mtu wa porini" wa katuni za zamani za Magharibi, aliyechorwa na watu ambao hawakutegemea kwamba sisi pia tutashika padi. Hainifanyi nitupe gemu, lakini sitamficha pia.

Na wasichana wa makombe. Wanne, majina yao Ami, Megumi, Liz na Isabella. Kazi yao kwenye gemu ya 1999 ni kusimama pale jukwaani na kumpa mshindi kombe. Basi. Dada zetu waliokuwa wakitupiga kila jioni hawakuwa na sababu ya kujiona pale, isipokuwa kupitia Coco.

Hapo ndipo lazima nilipe toleo jipya haki yake.

2019: mikono ile ile, duka jipya

Nitro-Fueled ilitoka tarehe 21 Juni 2019 kwa PlayStation 4, Xbox One na Switch. Waliojenga ni Beenox wa Quebec, Kanada, na mwenye gemu alikuwa Activision. Iliuzwa dola 40, shilingi kama 4,000 kwa kiwango cha wakati ule. Na wale watu wa Beenox walifanya kazi ya upendo. Njia zote za zamani zimo, na wakaongeza zile za Crash Nitro Kart ya 2003. Oxide, ambaye mwanzoni hungeweza kumtumia, sasa ni dereva. Wale wasichana wa makombe wakavishwa helmeti na kukaa nyuma ya usukani, pamoja na Tawna. Huo ni urekebishaji wa kweli. Hadi mwisho madereva walifika 56. Na ile kona, ile kona yangu, haikuguswa. Ruka, teleza, moja, mbili, tatu. Hata fremu zilibaki 30 kwa sekunde, jambo ambalo watu walililalamikia.

Lakini ndani yake kuna duka, linaitwa Pit Stop. Vitu vinabadilika kila siku: madereva, rangi, magurudumu, vibandiko. Unanunua kwa sarafu za wumpa unazopata kwa kucheza, na ukicheza mtandaoni unapata nyingi zaidi kuliko ukicheza na ndugu yako hapo kwa kochi. Kabla gemu haijatoka, ilisemwa wazi kwamba hizo sarafu hazitauzwa kwa pesa halisi. Mwanzoni mwa Agosti, wiki kama sita baada ya kuuzwa, zikaanza kuuzwa kwa pesa halisi. Wakati huo wakaguzi walikuwa wameshaandika, na watu walikuwa wameshanunua.

Mtu ataniambia, si lazima ununue. Kweli. Kila kitu kingeweza kupatikana kwa kucheza tu. Lakini angalia kile kilichobadilika. Ukishaamua kuuza sarafu, kucheza kunakuwa na sababu ya kulipa kidogo, ili duka liwe na maana. Saa zako zinakuwa bei. Mwaka wa 1999 mtengenezaji alijiuliza, "Hii itakuwa ngumu kiasi gani ndio iwe tamu?" Ishirini baadaye kuna mtu mwingine ndani ya chumba anayeuliza swali tofauti.

Na kwetu huku hilo duka lina mlango mwembamba zaidi. Kwa miaka mingi Kenya haijakuwa kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, kwa hivyo watu wanafungua akaunti za nchi nyingine na kununua kadi za zawadi za dola ama pauni. Ongeza bando. Yule mtoto wa Nakuru wa 2008, asiye na intaneti wala kadi ya benki, angepata kona zile zile lakini madereva wengi wangebaki kwenye kioo cha duka.

Nilielewa hii yote kwa sentensi moja. Mtoto wa dada yangu ana miaka kumi na mmoja, anacheza mpira na vita kwa simu kama wenzake wote. Nilimpa padi ya ile gemu ya zamani. Akapita kwa orodha ya madereva, akahesabu, akaona kwamba wengine hawapo bado. Nikamwambia wapo, wamefungwa. Akaniuliza, "Anko, wanafunguliwa na ngapi?"

Hakuuliza vipi. Aliuliza ngapi. Na si kosa lake, ndiyo dunia ya gemu aliyoikuta. Nikamwambia hawana bei, lazima umpige Ripper Roo kwanza. Alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Na nikimpiga, hawanitoi tena?" Nikamwambia hakuna mtu wa kukutoa. Ilimchukua siku tatu, na alipompiga Roo alipiga yowe mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Nani ana Crash leo

Mwisho wa hii historia una kichekesho chake. Haki za Crash zilitoka Universal zikapitia mikono mpaka Activision, na mwezi wa Oktoba 2023 Microsoft wakainunua Activision Blizzard kwa takriban dola bilioni 69. Kwa hivyo yule bandikuti aliyekuwa uso wa PlayStation leo ni mali ya wenye Xbox, wakati waliomuumba, Naughty Dog, bado ni wa Sony. Hakuna mtu ndani ya ofisi zote hizo aliyewahi kutuuliza sisi, na hawana haja.

Lakini kuna watu wengine wanaoitunza gemu bila mkataba wowote. Mashabiki wametengeneza modi inaitwa Online CTR, inayochukua ile gemu ya 1999 na kuiwezesha kuchezwa mtandaoni kupitia emyuleta. Wengine bado wanapunguza rekodi za njia moja moja kwa sehemu ndogo za sekunde. Wanaweza kufanya hivyo kwa sababu kitu chenyewe kimekamilika. Kimesimama. Unaweza kukifungua, ukakisoma, ukakirekebisha, na kesho utakikuta palepale.

Sisemi gemu za sasa ni mbaya, wala sisemi wanaozitengeneza wafe njaa. Watengenezaji walipwe, tena walipwe vizuri, mara moja, mlangoni. Ninachosema ni kwamba mtoto akishaingia ndani, ndani kuwe na gemu, kusiwe na soko. Nitro-Fueled imenionyesha kwamba ufundi wa 1999 unaweza kubebwa hadi leo bila kupoteza hata kona moja. Kilichoshindikana kubebwa ni ile heshima ya kumwachia mchezaji kitu kizima.

Kwa hivyo kama kwenu kuna PlayStation ya zamani imefungwa kwa mfuko juu ya kabati, iteremshe. Tafuta padi mbili. Mwite mdogo wako, mwambie aliyepigwa anapisha, na umwache amfungue Ripper Roo mwenyewe.